Hesabu za Mafuta Zisomwe Hadharani

ZIBA si jina linalotajwa mara kwa mara huku Visiwani. Ni kata katika wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, nchi ya pamba, mahindi na ng'ombe, ambako mvua ikichelewa kila mwenye nyumba huhesabu magunia yaliyosalia ghalani. Hata hivyo, historia ya nchi ile na historia ya Unguja zilifungwa kamba moja tangu zamani. Pembe za ndovu zilizokusanywa Unyanyembe, Karagwe na Ujiji zilibebwa mabegani na wapagazi wa Kinyamwezi mpaka Bagamoyo, zikavushwa bahari, zikapimwa na kutozwa ushuru katika Forodha ya Unguja. Mtu wa Tabora alitoa jasho lake, mtu wa Unguja aliona majahazi yakipakia na kupakua, na wote wawili hawakupata kujua mali ile ilikuwa ya thamani gani na iliishia mikononi mwa nani.

Leo mali nyingine inapitishiwa nchi ile ile. Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaanzia Kabaale, Hoima, nchini Uganda, na mwisho wake ni Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,147 kati ya hizo zimo katika ardhi ya Tanzania, katika mikoa 8: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Wilaya za Nzega na Igunga zimo njiani. Pale Sojo, wilayani Nzega, kilijengwa kiwanda cha kuyavika mabomba utando wa kuhifadhi joto, kwa kuwa mafuta ya Uganda huganda kama samli yasipopashwa moto. Kiwanda hicho kilizinduliwa Machi 2024. Mkataba baina ya Serikali yetu na kampuni ya bomba ulitiwa saini Dar es Salaam mwezi Mei 2021, na Februari 2022 wenye hisa wakatoa uamuzi wao wa mwisho wa kuwekeza.

Hatuandiki haya kulipinga bomba. Yapo mabishano makubwa duniani juu ya mazingira na juu ya kuendelea kuchoma mafuta, na mabishano hayo yana mahali pake. Neno letu leo ni moja tu, nalo ni hesabu. Kabla pipa la kwanza halijapakiwa melini Tanga, na kabla tone la kwanza halijatoka katika bahari ya Unguja na Pemba, utaratibu wa kuwasomea wananchi hesabu za mali hii hauna budi uwe umekwisha kuwekwa na kuzoeleka.

Wazee wetu wa njia ya misafara walikuwa na neno lao. Msafara uliopita katika nchi ya mtemi ulilipa hongo: nguo, shanga na waya, kwa ajili ya njia, maji na amani. Mabishano juu ya kiwango yaliweza kuchukua siku kadhaa, hasa Ugogo. Haikuwa aibu kuitaja hongo ile, kwa kuwa ilihesabiwa kuwa haki ya mwenye nchi. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipoifunga njia baina ya Tabora na Ujiji, shina mojawapo la vita ile lilikuwa ni nani mwenye haki ya kutoza na kufaidi biashara ya njia hiyo. Leo ukilitamka neno hilo hilo Ziba au Chake Chake, msikilizaji anafahamu rushwa. Kamusi zetu zinaandika maana zote mbili pamoja. Hatudai ujuzi wa asili ya maneno, lakini somo la neno hili linaonekana bila ya kamusi. Malipo ya njia yanayojulikana na watu wote ni ushuru. Malipo yale yale yakifichwa, hata kama yalilipwa kwa halali, huanza kunuka.

Huku Unguja nako tuna somo letu. Kwa sehemu kubwa ya miaka baina ya 1835 na 1886 Forodha haikuendeshwa na watumishi wa dola. Ilikodishwa kwa wafanyabiashara, na mashuhuri kupita wote ilikuwa nyumba ya Jairam Shivji. Mkodishwaji alimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa kwa mwaka, naye akakusanya ushuru wa pembe, karafuu, sandarusi na nguo. Yaliyozidi yalikuwa yake, na kiasi hasa kilichokusanywa kilikuwa siri ya daftari lake. Hivyo hata mtawala mwenyewe hakuwa na njia rahisi ya kujua nchi yake inazalisha nini, na kila alipohitaji fedha zaidi alikopa kwa yule yule aliyeshika daftari. Dola isiyoshika hesabu zake hugeuka mdaiwa wa mwenye kuzishika.

Wala tusiseme kuwa mambo hayo yalikwisha pamoja na usultani. Wazee wa Pemba wanaikumbuka miaka ya 1970, bei ya karafuu ilipokuwa juu katika masoko ya dunia na mkulima akalipwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Fedha zilizopatikana zilifanya kazi nyingi za maana, hilo halikanushwi. Lakini aliyepanda juu ya mkarafuu hakusomewa hesabu, na asiyesomewa hesabu hawezi kulaumiwa akiamua kuipitisha karafuu yake usiku kwa njia ya magendo.

Sasa tuitazame fedha ya bomba, maana maneno mengi yanayosemwa barazani yanachanganya mambo. Husemwa kwamba kila pipa litakalopita litalipiwa nauli ya zaidi kidogo ya dola 12 za Marekani. Msikilizaji huchukua kalamu: mapipa laki 2 kwa siku, mara dola 12, ni dola milioni 2 na laki 4 kila siku, basi nchi imetajirika. Hesabu hiyo ya kuzidisha ni sahihi, lakini fedha hiyo si ya Tanzania. Ni mapato ya kampuni ya bomba. Katika kampuni hiyo TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa, shirika la mafuta la Uganda asilimia 15, Shirika letu la Maendeleo ya Petroli, TPDC, asilimia 15, na CNOOC ya China asilimia 8. Kutoka katika nauli ile kwanza zitatolewa gharama za kuendesha na kulipasha moto bomba, kisha yatalipwa madeni ya mabenki, kisha kodi zilizokubaliwa katika mikataba, na kinachobaki ndicho kitakachogawiwa wenye hisa. Fungu la Tanzania basi litatoka katika milango kadhaa: gawio la hisa, kodi za kampuni, kodi za makandarasi na wafanyakazi, na ushuru wa halmashauri.

Kila mlango kati ya hiyo una swali lake. Gharama zinakaguliwa na nani, maana kila dola inayoongezwa katika gharama inapunguzwa katika gawio? Madeni yatakwisha mwaka gani? Ni kodi zipi zilizosamehewa, na kwa muda gani? Uganda ilitunga sheria maalumu ya bomba mwaka 2021, na ndani yake msamaha wa kodi ya mapato wa miaka 10 umeandikwa wazi; raia wa Uganda anaweza kuupenda au kuuchukia, lakini anaujua. Je, mtendaji wa kata ya Ziba anao japo ukurasa mmoja wa Kiswahili unaomwezesha kuwajibu watu wake maswali ya namna hii? Je, diwani wa Igunga anaweza kuwaambia wapiga kura wake halmashauri yao itapata nini, lini, na kwa kifungu gani?

Majirani zao wa Nzega wanafahamu uchungu wa kuchelewa kuuliza. Mgodi wa Golden Pride, wa kwanza miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu ya zama hizi katika nchi yetu, ulianza uzalishaji mwishoni mwa mwaka 1998, ukafungwa baada ya miaka kama 15. Sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 1982 iliruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo. Lakini mikataba mingi ya migodi ya wakati ule iliweka kikomo cha dola 200,000 kwa mwaka. Wanakijiji waliokuwa wakiyatazama malori yakiingia na kutoka hawakuisoma mikataba hiyo. Mjadala wa ushuru ulipopamba moto, sehemu kubwa ya dhahabu ilikuwa imekwisha kuondoka. Shimo halijazwi na majuto.

Watakuwapo watakaosema kwamba wananchi wa kawaida hawataelewa hesabu za mafuta. Hoja hiyo hatuikubali hata kidogo. Igunga ni wilaya ya ushirika wa pamba, na chama kikuu chake kilijiita Igembensabo, yaani jembe ndilo utajiri. Mkulima wa huko anaujua mzani uliochezewa kabla mwenye mzani hajamaliza kuupanga. Mchumaji wa karafuu wa Wete anaijua pishi iliyopunjwa kwa kuitazama tu. Watu hawa wameishi maisha yao yote wakihesabu mali yao mikononi mwa wengine. Kinachokosekana si akili ya kuelewa. Ni karatasi ya kusoma.

Zaidi ya hayo, utaratibu wenyewe tunao tayari, na tunautumia kwa mambo madogo. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi 3, na mojawapo ya kazi zake ni kusomewa mapato na matumizi ya kijiji. Mtendaji asiyesoma hesabu hutiliwa shaka, huandikiwa barua, na mara nyingi huondolewa. Tunamtaka asome shilingi elfu tano za mnada wa mbuzi na bei ya mabati ya zahanati, naye anasoma, jua likiwa utosini, huku akiulizwa maswali na bibi vizee. Kwa kipimo gani cha haki mwenye elfu tano alazimike kusimama mbele ya watu, na mwenye mabilioni asamehewe?

Wapo pia wanaosema kwamba mambo haya ni siri za biashara, na kwamba wawekezaji watakimbia wakilazimishwa kuyatoa. Hilo nalo halina nguvu. Tangu mwaka 2013 Umoja wa Ulaya unazitaka kampuni kubwa za mafuta, gesi na madini za nchi zake kutangaza kila mwaka malipo zinayozifanyia serikali za nchi mbalimbali, nchi kwa nchi na mradi kwa mradi. TotalEnergies imo ndani ya sheria hiyo na hutangaza. Kinachosomwa Paris hakiwezi kuwa siri Ziba. Wala sisi wenyewe hatukosi sheria. Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa uwazi katika madini, mafuta na gesi mwaka 2009, na mwaka 2015 Bunge likatunga sheria ya uwazi na uwajibikaji katika sekta hiyo, pamoja na sheria ya usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi. Mwaka 2017 zikafuata sheria za kulinda mamlaka ya nchi juu ya utajiri wake wa asili na za kuliwezesha Bunge kuyapitia masharti mabaya ya mikataba. Na Katiba, katika ibara ya 27, inamtwika kila mtu wajibu wa kulinda mali asili na mali ya pamoja. Mtu hawezi kuilinda mali ambayo hajui kiasi chake.

Lakini sheria pekee haitoshi, na katika jambo hili Chadi ni funzo kubwa. Nchi hiyo, isiyo na bahari kama Uganda, ilijengewa bomba la kilomita 1,070 kutoka Doba mpaka Kribi katika pwani ya Kameruni, na mafuta yakaanza kutiririka mwaka 2003. Kwa shinikizo la Benki ya Dunia, iliyosaidia mradi ule, Chadi ilikuwa imetunga sheria mwaka 1999 iliyosifiwa duniani kote: asilimia 10 ya mapato ya moja kwa moja iwekwe akiba kwa vizazi vijavyo, na sehemu kubwa ya yaliyobaki iende katika elimu, afya, maji na kilimo. Hata hivyo, sehemu ya bakshishi ya kutia saini iliyolipwa mapema ilinunulia silaha. Mwaka 2006 serikali ikaibadili sheria, ikaufuta mfuko wa vizazi vijavyo, na ikaingiza ulinzi katika orodha ya matumizi ya kwanza. Mwaka 2008 Benki ya Dunia ikalipwa deni lake na kuondoka. Ulinzi wa sheria ile ulitegemea mno mkopeshaji wa nje. Mkopeshaji alipokwenda zake, wenye mali hawakuwa na nguvu ya kuushika mlango. Mlinzi wa ghala anapaswa kuwa yule ambaye chakula kilichomo ni chake.

Na hapa karibu, Uganda yenyewe imetupa mfano kabla ya mafuta kuuzwa. Mwaka 2017 umma ulifahamu kwamba maofisa 42 walikuwa wamegawiwa shilingi za Uganda bilioni 6, zikiwa zawadi kwa ushindi wa serikali katika kesi ya kodi dhidi ya kampuni ya mafuta. Bunge likachunguza, mabishano yakawa makali. Huenda wako miongoni mwao waliofanya kazi njema inayostahili shukrani. Lakini zawadi iliyotolewa faraghani na kugunduliwa baadaye haiwezi tena kuwa shukrani. Inampaka matope hata aliyestahili.

Sisi tuliopitia vyuo vya Kurani kabla ya skuli za Serikali tulifunzwa mapema kwamba aya iliyo ndefu kupita zote katika Msahafu inahusu kuandika madeni mbele ya mashahidi. Mwalimu alitueleza kuwa maandishi humlinda mwenye haki yake, na vile vile humlinda mwaminifu asisingiziwe. Viongozi wetu wa Serikali na wa Chama wayafikirie maneno hayo. Uwazi si fimbo ya kuwapigia wao. Ofisa safi anayefanya kazi gizani hana ushahidi wa usafi wake, na siku ya fitina atajikuta amesimama safu moja na mwizi.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kwamba haya ni mambo ya Bara. Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi lilitaka mafuta na gesi yaondolewe katika orodha ya mambo ya Muungano. Sheria za mwaka 2015 zikaiachia Zanzibar kusimamia mafuta yake, na mwaka 2016 Zanzibar ikatunga sheria yake ya utafutaji na uchimbaji. Oktoba 2018 ukatiwa saini mkataba wa kugawana uzalishaji na kampuni ya RAK Gas ya Ras Al Khaimah. Machi 2024 vitalu 8 vya baharini vikatangazwa kwa wawekezaji. Tulidai kwa nguvu, na kwa haki, kwamba mafuta ya Visiwani yawe mikononi mwa Visiwani. Sasa dai hilo linaturudia sisi wenyewe: yakiwa mikononi mwa Visiwani, yawe mikononi mwa nani katika Visiwani? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufunza kwamba uchumi wa nchi uwe chini ya wakulima na wafanyakazi. Umiliki usio na hesabu ni jina tu kwenye karatasi, na wapagazi wa zamani hawakuwa na upungufu wa majina.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila mkataba wa mafuta, gesi na bomba uwekwe mahali ambapo raia anaweza kuusoma, na muhtasari wake wa Kiswahili chepesi upelekwe katika kila ofisi ya kijiji iliyo katika njia ya bomba na katika kila ofisi ya sheha iliyo pwani ya vitalu. Pili, kila baada ya miezi 3 taarifa ya fedha zilizoingia na mahali zilipokwenda ibandikwe ukutani na kusomwa kwa sauti, kama zinavyosomwa hesabu za kijiji. Tatu, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, wa Muungano na wa Zanzibar, kila mmoja katika mamlaka yake, akague hasa gharama zinazodaiwa na kampuni, na taarifa yake ijadiliwe na wawakilishi wa watu katika mwaka ule ule. Nne, sheria iseme mapema ni fungu gani litakalobaki katika mahali palipotoa ardhi au bahari yake, na ni fungu gani la akiba, ili mgao usitegemee ukarimu wa mtu aliye ofisini. Norway ilitunga sheria ya mfuko wake mwaka 1990, na ikaweka fedha ya kwanza mwaka 1996. Chombo kilikuwapo miaka 6 kabla ya kutiwa kitu.

Ikumbukwe pia kwamba wako wananchi walio njiani mwa bomba ambao mashamba yao yalithaminiwa mwaka 2018 na 2019, na malipo yakawafikia miaka kadhaa baadaye, huku wakiwa hawana uhakika wa kupanda au kutopanda. Kilichowaumiza wengi kilikuwa ni kutojua kuliko uchache wa fedha. Taarifa iliyotolewa kwa wakati ingalipunguza nusu ya manung'uniko yale bila ya kuongeza hata senti moja katika fidia.

Miaka ya karibuni bomba jingine lilifika katika nchi ile: maji ya Ziwa Victoria yalivutwa mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa faida yake, maana mama hufungulia na ndoo hujaa mbele ya macho yake. Bomba la mafuta halina mfereji wa kufungulia kijijini. Litapita chini ya ardhi, kimya, usiku na mchana, kwa miaka mingi. Njia ya pekee ya mtu wa Ziba kuiona faida yake ni hesabu iliyoandikwa, ikasomwa, ikaulizwa maswali na kujibiwa. Serikali zetu mbili zianze kusoma sasa, wakati bado hakuna cha kuficha.